Mtunza Mihuri

Serikali ya Paris imeanguka tena usiku,
na mhariri mpya wa habari za nje
(wa zamani kahamishiwa michezo)
kanipigia kabla jogoo wa Njoro hajamaliza kukohoa:
"Dada Ndeanasia, orodha imetoka.
Saa mbili iwe mezani."

Ni ya tatu tangu masika.
Faili ninalo. Nalifungua
kama kabati la vyombo vya wageni:
vyeo vimekaa palepale, vimepangwa kwa heshima zao,
ni majina tu ya kung'oa na kupandikiza.
Na mkataba wangu wasema: neno jipya, shilingi themanini;
jina la mtu halitafsiriwi, halilipwi.
Basi wao wakianguka, naanguka nao,
ila wao wana marupurupu.

Waziri Mkuu, huyo hana shida.
Waziri wa Fedha: wanaume wawili wanakabidhiana ofisi
uani, wanatabasamu kama wakwe.
Waziri wa Majeshi, kwa wingi, kana kwamba moja halitoshi.
Halafu makatibu wa dola, ambao kwingine ni vigogo,
na kwao ni wa viti vya plastiki nyuma ya turubai.
Niliwahi kuwapandisha cheo kwa bahati mbaya;
hakuna aliyenishukuru.

Waziri wa Ng'ambo.
Hapa kalamu hugoma.
Ng'ambo ya nani? Mimi niko Moshi, mlima umejifunika,
na ng'ambo kwangu ni kwao.
Lakini ng'ambo yao ina kisiwa jirani yetu,
ambako bibi akiulizia chumvi
naweza kumsikia nusu bila kamusi.
Nimeliacha lilivyo. Watajuana.

Kisha Mtunza Mihuri.
Ndivyo wanavyomwita waziri wa sheria,
jina la enzi za wafalme; kichwa cha mfalme kilikwenda, jina likabaki.

Baba yangu alikuwa mtunza muhuri.
Chama cha msingi cha kahawa, huko Uru.
Kamati ilibadilika kila mkutano mkuu:
mwenyekiti aliyekula pesa za mrututu,
mwenyekiti aliyelia,
mwenyekiti aliyekuwa shemeji wa yule wa kwanza.
Mwaka mmoja walirushiana mawe ya mizani.
Muhuri ulilala kwetu, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
pamoja na kidau cha wino wa zambarau.
Siku ya malipo baba hakugusa mbege.
Karatasi isiyo na duara lile
haikumpa mtu hata senti, awe nani.
Kanisani, akishika kitabu cha nyimbo,
dole gumba lake lilikuwa zambarau
na mama alimvuta shati alifiche.

Chama kilikufa bila matanga.
Mizani ikaenda chuma chakavu, ghala sasa linauza magodoro.
Hakuna aliyekuja kudai muhuri.
Umo humu kwenye droo, chini ya risiti za umeme;
mpira umepasuka,
jina la kijiji limebaki herufi nne.

Namsoma Mtunza mpya.
Mwanamke, miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa mji wa bandari,
hajawahi kushika wizara.
Namwonea kitu ambacho si huruma.
Angepiga simu ningemwambia:
usinywe siku ya malipo.

Saa mbili kasoro dakika tano. Natuma.
Mhariri anajibu upesi:
"Mtunza Mihuri ndiyo nini? Watadhani ni karani.
Weka Waziri wa Sheria."

Karani. Ndiyo.
Nabadilisha.
Maneno matatu mapya: shilingi mia mbili na arobaini,
ndiyo asubuhi yangu yote na serikali yao yote.

Simu inalia tena.
"Na dada, ankara iwe na muhuri.
Uhasibu hawapokei bila muhuri."

Nafungua droo.
Wino ndio sina.